Lily Parr: Winga aliyefungiwa viwanja akiwa na miaka 16

DESEMBA 5, 1921, viongozi wa Chama cha Soka cha England (FA) walikaa kikao jijini London na kutoka na azimio fupi. Walitamka kwamba soka ni mchezo usiowafaa wanawake na haupaswi kuhimizwa miongoni mwao, kisha wakazitaka klabu zote wanachama zikatae kutoa viwanja vyao kwa mechi za akina mama.

Azimio hilo halikutaja jina la mchezaji yeyote. Lakini katika mji wa Preston, kaskazini magharibi mwa England, lilimkuta binti wa miaka 16 aliyekuwa tayari anajaza viwanja, winga wa kushoto mrefu na mwenye nywele nyeusi, ambaye shuti lake lilizungumzwa na wanaume kwa heshima na wakati mwingine kwa hofu. Jina lake ni Lily Parr. Angeendelea kucheza kwa miaka 30 mingine, lakini asingeukanyaga tena uwanja wa klabu ya FA kwa ridhaa ya wakubwa hao.

Lilian Parr alizaliwa Aprili 26, 1905 katika eneo la Gerard's Bridge, mjini St Helens. Alikuwa mtoto wa nne katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo, kazi iliyokuwa riziki ya nyumba nyingi za mji huo. St Helens ulikuwa mji wa vioo, makaa ya mawe na raga, na watoto wa mitaa yake walijifunza kukimbia na mpira kabla ya kujifunza mambo mengine mengi.

Lily alicheza na kaka zake katika viwanja vya wazi vilivyokuwa jirani na nyumbani, soka siku moja na raga siku nyingine. Inasimuliwa kwamba ushonaji na upishi, ambao ndio uliokuwa mtaala wa binti wa Kiingereza wa zama hizo, haukumvutia hata kidogo. Kaka zake hawakumhurumia kwa kuwa ni msichana, naye hakuomba huruma. Huko ndiko alikojifunza kuupiga mpira kutoka mbali, na kwa nguvu ambazo hakuna aliyezitarajia kwa mtoto wa umri wake.

Ili kuelewa namna binti huyo alivyofika Preston, inabidi kurudi nyuma hadi miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kiwanda cha Dick, Kerr & Co. kilichokuwa Preston kilijulikana kwa kutengeneza treni na tramu. Vita ilipopamba moto kiligeuzwa kuwa kiwanda cha kutengeneza silaha, na kwa kuwa wanaume walikuwa wamepelekwa mstari wa mbele, nafasi zao zilichukuliwa na wanawake. Wakati wa mapumziko wanawake hao walikuwa wakipiga mpira uani pamoja na vijana waliobaki kiwandani. Mwaka 1917 utani wa uani uligeuka kuwa changamoto, changamoto ikawa mechi, na mfanyakazi mmoja aliyeitwa Grace Sibbert akawakusanya wenzake wakaunda timu.

Karani wa kiwanda hicho, Alfred Frankland, aliona mbali kuliko wengi. Alikodi uwanja wa Deepdale wa klabu ya Preston North End, mabingwa wa kwanza kabisa wa Ligi ya England katika msimu wa 1888/89, na siku ya Krismasi ya mwaka 1917 akawaingiza wanawake wake kucheza na wenzao wa kiwanda kingine cha mjini hapo. Watu 10,000 walihudhuria. Wenyeji walishinda mabao 4-0, na fedha zilizopatikana zikapelekwa katika hospitali ya askari majeruhi ya Moor Park.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Dick, Kerr Ladies. Hospitali zilihitaji fedha, watu walihitaji burudani, na hakuna kiongozi wa soka aliyethubutu kusema neno baya juu ya wanawake waliokuwa wakichangisha fedha kwa ajili ya majeruhi wa vita.

Parr aliwajia kama mpinzani. Alikuwa na miaka 14 alipoanza kuichezea timu ya wanawake ya St Helens, na timu hiyo ilipokutana na Dick, Kerr, Frankland aliwaona wasichana wawili aliowataka: Parr na Alice Woods. Hakupoteza muda. Alimwahidi Parr kazi kiwandani, mahali pa kulala kwa mchezaji mwenzake Alice Norris, na shilingi 10 kwa kila mechi. Pamoja na malipo hayo, kwa mujibu wa simulizi ambayo haijawahi kukosekana katika habari zake, alikuwa akipewa sigara za Woodbine, kwani binti huyo alikuwa mvutaji mkubwa tangu ujana wake.

Shilingi hizo 10 ni za kukumbukwa, kwani zitarudi baadaye katika habari hii. Pauni moja ya Uingereza wakati ule ilikuwa na shilingi 20. Parr, kwa hiyo, alilipwa nusu pauni kwa mechi, fedha iliyofidia mshahara uliopotea kwa kuacha kazi na kusafiri.

Katika msimu wake wa kwanza inaelezwa kwamba alipachika mabao 43. Hakuwa mchezaji wa mbio nyingi, na ubora wake ulikuwa katika mguu wa kushoto: krosi zilizotua pale alipozitaka, kona zilizokuwa hatari kama penalti, na mashuti ya mbali. Mpira wa zama hizo ulikuwa gozi la ngozi lililoshonwa kwa kamba, ambalo likilowa matope lilikuwa zito kiasi cha kuwashinda wanaume wengi kulivusha kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Parr alilivusha bila kuonekana kujitahidi.

Iko hadithi ya kipa mmoja wa kiume, anayesimuliwa kuwa alimtania kwamba mashuti yake ni mazuri mbele ya wanawake tu, na kwamba yeye asingepata shida kuyadaka. Parr alimkubalia ajaribu. Wanaosimulia wanasema shuti hilo lilimvunja mkono. Hadithi za namna hii hunona kadiri zinavyopita midomoni, lakini ukweli kwamba ilisimuliwa juu yake na si juu ya mwingine unaeleza jambo.

Mwaka 1920 ulikuwa wa neema. Katika majira ya kuchipua timu ya wanawake kutoka Paris, iliyoongozwa na Alice Milliat, ilivuka bahari na kucheza mechi nne katika miji ya Preston, Stockport, Manchester na London. Watu 25,000 walifurika Deepdale kutazama mechi ya kwanza, ambayo wenyeji walishinda 2-0, na Wafaransa walilipiza katika mechi ya mwisho kwenye uwanja wa Stamford Bridge kwa ushindi wa 2-1. Milliat huyo ndiye aliyekuja kuanzisha michezo ya dunia ya wanawake baada ya wakubwa wa Olimpiki kuwabania nafasi. Baadaye mwaka huohuo timu ya Preston ilirudisha ziara kwa kwenda Ufaransa, ambako mechi ya Paris ilitazamwa na watu 22,000 na kukatizwa ikiwa sare ya 1-1 baada ya mashabiki kuingia uwanjani.

Mechi hizo ndizo zinazompa Parr jina la mchezaji wa kimataifa. England haikuwa na timu rasmi ya taifa ya wanawake, na isingekuwa nayo hadi mwaka 1972. Wanawake wa kiwanda cha Preston ndio walioibeba bendera, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kuibeba.

Desemba 16, 1920 walicheza usiku. Kwa kuwa viwanja havikuwa na taa, iliombwa ruhusa serikalini ya kutumia taa kubwa za jeshi zilizokuwa zikimulika ndege za adui wakati wa vita, na Winston Churchill, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya vita, akaikubali. Mipira ilipakwa rangi nyeupe ili ionekane gizani. Watu 12,000 walifika Deepdale kushuhudia ajabu hiyo, na mapato yakaenda kwa askari waliorudi kutoka vitani wakakosa ajira.

Siku kumi baadaye ikaja mechi ya Goodison Park.

Desemba 26, 1920, katika uwanja wa klabu ya Everton jijini Liverpool, Dick, Kerr Ladies walipangiwa kucheza na St Helens Ladies, timu aliyotoka Parr. Watu 53,000 waliingia uwanjani. Maelfu wengine, wanaokadiriwa kufikia 14,000, walibaki nje kwa kukosa nafasi, na wachezaji walilazimika kusindikizwa na polisi ili wafike katika vyumba vya kubadilishia nguo. Mshambuliaji hodari Florrie Redford alikuwa amekosa treni, hivyo nahodha Alice Kell akasogezwa mbele kipindi cha pili, akafunga mabao matatu peke yake. Matokeo yalikuwa 4-0, na fedha zilizokusanywa zilikuwa pauni 3,115.

Ilibidi kusubiri miaka 92, hadi fainali za soka za Olimpiki ya London mwaka 2012, ndipo mechi ya wanawake katika ardhi ya Uingereza ilipopata watazamaji wengi kuliko hao, pale watu zaidi ya 70,000 walipokwenda Wembley kuona Uingereza ikicheza na Brazil. Na Goodison Park yenyewe, baada ya timu ya wanaume ya Everton kuhamia uwanja mpya mwaka 2025, ilikabidhiwa timu ya wanawake ya klabu hiyo iwe uwanja wake wa nyumbani.

Mwaka 1921 mialiko ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi. Inaelezwa kwamba timu ilicheza mechi 67 mwaka huo na kutazamwa na watu wapatao 900,000, na wachezaji wake wote walikuwa na kazi zao za kila siku. Walitoka kiwandani mchana, wakapanda gari au treni, wakacheza, wakarejea usiku wa manane, na asubuhi wakawa mbele ya mashine.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Vita ilikuwa imekwisha, wanaume walikuwa wamerudi, na wengi walitaka wanawake nao warudi majumbani. Aidha, katika majira ya kuchipua ya mwaka huo wamiliki wa migodi ya makaa ya mawe waliwafungia nje wafanyakazi waliokataa kupunguziwa mishahara, na timu za wanawake zikacheza mechi za kuchangia familia za wachimbaji hao zilizokuwa zikishinda njaa. Kuchangia askari majeruhi kulimfurahisha kila mtu. Kuchangia wachimba makaa waliokuwa katika mvutano na matajiri wao lilikuwa jambo jingine. Wako wanahistoria wanaoamini kwamba hapo ndipo wanawake hao walipojitafutia maadui.

FA, katika azimio lake la Desemba, haikugusa siasa. Ilitaja mambo mawili. La kwanza ni kwamba mchezo hauwafai wanawake, hoja iliyoungwa mkono na madaktari kadhaa waliodai kwamba unaweza kuwadhuru. La pili lilikuwa fedha: kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ilikuwa ikiliwa na gharama, na kwamba kiasi kidogo mno kilifika kwenye misaada iliyokusudiwa.

Tuhuma hiyo ya pili ndiyo inayostahili kupimwa, na kipimo kizuri ni Parr mwenyewe. Hata kama angecheza mechi zote 67 za mwaka 1921 bila kukosa moja, shilingi zake 10 kwa mechi zingempa pauni 33 na nusu kwa mwaka mzima. Kima cha juu cha mshahara wa mchezaji wa kiume wa ligi mwaka 1920 kilikuwa pauni tisa kwa wiki. Mwanamume aliyekilipwa kima hicho alipata kwa mwezi mmoja zaidi ya alichoweza kupata Parr kwa mwaka. Na chama kilichoona shilingi 10 za msichana wa kiwandani kuwa ni ufujaji ndicho chama hichohicho kilichohalalisha soka ya kulipwa kwa wanaume tangu mwaka 1885.

Wanawake hawakukubali kimya kimya. Ndani ya siku chache wawakilishi wa timu mbalimbali walikutana na kuanzisha chama chao cha soka ya wanawake. Lakini chama kisicho na viwanja ni kama mvuvi asiye na chombo. Viwanja vyenye majukwaa na mageti ya kukusanyia viingilio vilikuwa mikononi mwa klabu za FA, na FA ilikuwa imefunga. Timu nyingi zilikufa. Zilizobaki zilihamia kwenye viwanja vya wazi, mashamba na popote pengine ambapo mwenye mahali hakuogopa barua kutoka London.

Frankland alitafuta mlango wa nje. Septemba 1922 aliichukua timu, Parr akiwamo akiwa na miaka 17, wakavuka Atlantiki kwa ziara ya Canada na Marekani. Walipofika Canada walikuta chama cha soka cha huko nacho kimekataa wasicheze. Marekani waliruhusiwa, ila walikuta kwamba wapinzani waliopangiwa ni timu za wanaume.

Walicheza hivyohivyo. Kuanzia Paterson, New Jersey, ambako walifungwa 6-3, waliendelea hadi katika miji ya Massachusetts, Rhode Island na kwingineko, kukiwa na wanaume waliokuwa wakicheza soka ya ushindani mbele yao. Walishinda mechi tatu na kutoka sare tatu. Ni matokeo ambayo timu nyingi za wanaume za England za daraja la kati zisingeyaonea haya.

Waliporudi nyumbani hapakuwa na kilichobadilika. Miaka iliyofuata timu ilizunguka katika miji midogo ya kaskazini, ikicheza katika sherehe za mitaa na maonyesho, watazamaji wakiwa maelfu machache badala ya makumi elfu. Mchezaji wa Kifaransa Carmen Pomies, aliyekuja kama mpinzani mwaka 1920, alikuja kucheza upande wao kwa vipindi kadhaa. Mwaka 1926 Frankland aligombana na uongozi wa kiwanda, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya kampuni ya English Electric, akaondoka na kufungua duka. Kiwanda kikajitoa. Timu ikabadili jina na kuitwa Preston Ladies, ingawa watu wengi waliendelea kuiita kwa jina lake la zamani.

Kwa wachezaji, kuondoka kwa kiwanda kulimaanisha kupoteza ajira, na hapo ndipo maisha ya pili ya Lily Parr yalipoanzia. Yeye na baadhi ya wenzake walipata kazi katika hospitali ya Whittingham, nje kidogo ya Preston, iliyokuwa miongoni mwa hospitali kubwa zaidi za wagonjwa wa akili nchini Uingereza. Alijifunza uuguzi, akapanda ngazi hadi kuwa muuguzi mkuu wa wodi, na hapo alibaki hadi alipostaafu.

Ni rahisi kuipita miaka hiyo haraka kwa kuwa haina vikombe wala umati. Lakini ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya maisha yake ya soka. Mchezaji aliyekuwa amefanya zamu katika wodi za wagonjwa wa akili alikuwa akibeba viatu vyake mwishoni mwa wiki, akapanda basi na wenzake, akaenda kucheza katika shamba ambalo pengine siku moja kabla lilikuwa na ng'ombe. Alifanya hivyo akiwa na miaka 20, akafanya hivyo akiwa na miaka 30, na akafanya hivyo akiwa na miaka 40.

Kati ya mechi zilizong'ara katika kipindi hicho ni ile ya mwaka 1937 dhidi ya wasichana wa Edinburgh, mabingwa wa Scotland. Mechi hiyo ilitangazwa kuwa ya ubingwa wa Uingereza na wa dunia, cheo ambacho hakuna chama chochote kilichokitambua, na timu ya Preston ilishinda 5-1.

Mwaka huo pia ndio aliojiunga winga wa kulia Joan Whalley, akiwa binti wa miaka 15. Huyo ndiye aliyekuja kusimulia mengi kuhusu Parr wa miaka ya baadaye: mwanamke wa maneno machache, mwenye mzaha mkavu na sigara mkononi. Moja ya visa vinavyokumbukwa ni cha siku aliyoingia katika chumba cha kubadilishia nguo, akawatazama wachezaji wakongwe wakijifunga bandeji magotini na kwenye vifundo vya miguu, kisha akajiuliza kwa sauti iwapo amekuja kucheza mpira au amefika Lourdes, mji wa Ufaransa wanakokwenda mahujaji wagonjwa kutafuta uponyaji.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilizipunguza mechi, lakini haikuimaliza timu. Mwaka 1946 Parr alifanywa nahodha, heshima iliyomfikia akiwa na miaka 41. Alistaafu mwaka 1951, baada ya misimu zaidi ya 30. Mabao yake yanatajwa kuwa zaidi ya 900. Idadi hiyo ichukuliwe kwa tahadhari, kwa kuwa hapakuwa na ligi wala chama kilichoziandika takwimu za wanawake, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni kumbukumbu za timu yenyewe na vipande vya magazeti. Hata ikipunguzwa kwa theluthi moja bado ni idadi ya kushangaza. Alianza kufunga katika mwaka ambao watu 53,000 walilipa kuingia Goodison Park, na akaacha kufunga akiwa mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku ile.

Baada ya soka alibaki muuguzi. Alinunua nyumba katika kijiji cha Goosnargh, jirani na hospitali, akaishi humo na mwanamke waliyefahamiana kazini. Katika miaka ya karibuni wako waandishi waliowaeleza wawili hao kuwa walikuwa wapenzi, na kwa sababu hiyo jina la Parr limechukuliwa na wengi kama alama ya jambo kubwa kuliko soka. Enzi za uhai wake mambo hayo hayakuwa ya magazetini.

Mwaka 1965 timu aliyoitumikia ilivunjwa kwa kukosa wachezaji. Frankland alikuwa amefariki dunia mwaka 1957. Mwaka 1967 Parr aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji wa kuondolewa matiti yote mawili. Alipona kiasi cha kuishi miaka mingine 11, na katika miaka hiyo ndipo aliposhuhudia FA, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiondoa katazo lililodumu nusu karne. Novemba 1972 timu rasmi ya kwanza ya wanawake ya England iliifunga Scotland mabao 3-2 mjini Greenock. Parr alikuwa na miaka 67.

Alifariki dunia nyumbani kwake Goosnargh Mei 24, 1978 na kuzikwa St Helens, mji aliouacha akiwa msichana mdogo kwa ahadi ya kazi na shilingi 10.

Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake lilibaki midomoni mwa wazee wa Preston na wachezaji wenzake waliokuwa bado hai. Mwaka 2002 Makumbusho ya Taifa ya Soka, ambayo wakati huo yalikuwa katika uwanja uleule wa Deepdale, yalipoanzisha orodha ya heshima ya wanasoka bora waliowahi kucheza England, Parr alikuwa mwanamke pekee kati ya walioingizwa awali.

Makumbusho hayo baadaye yalihamia Manchester. Juni 2019, mwaka ambao Kombe la Dunia la wanawake lilichezwa Ufaransa, ilizinduliwa huko sanamu yake ya shaba, kazi ya mchongaji Hannah Stewart, ikiwa sanamu ya kwanza nchini Uingereza kumwonyesha mwanasoka wa kike.